Mipangilio ni Jasho la Mtu: Historia ya Kupiga Windows Kariakoo

Ukitoka Kariakoo kwa Mtaa wa Uhuru kuelekea Mchikichini, ulipo mnada wa Karume, hutembei kitambo bila kukuta fremu yenye kibao cha steshenari: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi. Humo ndimo huandikwa mikataba ya pango, hati za mauziano ya viwanja, barua za kuomba kazi na kadi za michango ya harusi. Kila kompyuta ya fremu hizo siku moja huwa nzito, hujaa virusi au hukataa kuwaka, na dawa inayojulikana na wengi ni kumwita fundi apige Windows upya. Fundi mwema huuliza kwanza kama vitu viko kwenye C au kwenye D. Swali hilo limeokoa kazi za watu wengi, lakini linahusu faili peke yake. Haligusi mipangilio: lugha iliyochaguliwa, karatasi iliyozoeleka, maneno yaliyoongezwa kwenye kamusi, vipimo vya pambizo, mpangilio wa tarehe. Hoja ya makala hii ni kwamba mipangilio hiyo ni kazi ya mtu kama ilivyo barua aliyoichapa, na kila toleo jipya linaloifuta linafuta jasho lake. Tena historia ya programu za kompyuta inaonyesha kwamba hasara hiyo haijawahi kugawanywa sawa. Imemwelemea zaidi mtu ambaye programu haikutengenezwa kwa ajili yake tangu mwanzo, na mchapaji wa Kariakoo ni mmoja wao.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla mlango huo haujafunguliwa kikamilifu. Kwa hiyo watu wengi wa Dar es Salaam walikutana na kompyuta kwa mara ya kwanza ikiwa tayari ni ya mezani, yenye Windows, inayotumiwa na mtu mmoja au na ofisi ndogo. Mashine ya aina hiyo ilileta jambo jipya, nalo ni kwamba mtumiaji mwenyewe aliweza kuigeuza ifuate kazi yake. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992 uchaguzi wake uliandikwa kwenye mafaili madogo ya maandishi kama WIN.INI, yaliyowekwa ndani ya folda ileile ya Windows. Windows 95 ilipokuja Agosti 1995, ilihamishia sehemu kubwa ya uchaguzi huo kwenye hazina moja iitwayo Registry. Mfumo huo uliwapunguzia kazi watengenezaji wa programu, lakini kwa mtumiaji uliacha kasoro ambayo matunda yake yalivunwa miaka mingi baadaye. Uchaguzi wa mtu ulikaa nyumba moja na Windows, na aliyeiondoa Windows aliondoa na uchaguzi. Aliyefomati C alifuta vyote kwa pigo moja.

Windows XP ya mwaka 2001 ilijaribu kutenganisha. Kila mtumiaji alipewa folda yake ndani ya Documents and Settings, na ndani yake kukawa na folda ya Application Data ya kutunzia mipangilio ya programu mbalimbali. Wazo lilikuwa zuri, ila folda hiyo ilifichwa. Asiyejua kuwasha uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa hakuiona, na asichokiona mtu hawezi kukinakili. Hapo ndipo desturi ya C na D ilipoota mizizi: diski moja hugawanywa mara mbili, Windows na programu hukaa C, kazi za mteja hukaa D, na siku ya kupiga Windows fundi hufomati C akaiacha D salama. Desturi hiyo ilizaliwa na mazingira. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuzinduliwa Julai 2009, Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa miji uliyotua, intaneti ilikuwa ya polepole na ya gharama. Programu zilifika kwa CD, zikapita mkono kwa mkono, na kusakinisha upya kukawa rahisi kuliko kusasisha kidogo kidogo. Fundi alifanya lililowezekana. Hata hivyo D ilitunza nyaraka tu. Mipangilio ilibaki C, na kila Windows mpya ilipopigwa ilikwenda na maji.

Ili kuelewa kilichopotea, tuangalie meza moja ya kuchapia. Mkataba wa pango huwa na vifungu vya (a), (b) na (c). Katika Microsoft Word, mchapaji akiandika herufi c ndani ya mabano, programu huigeuza papo hapo kuwa alama ya hakimiliki, ©. Mchapaji anayejua kazi hufungua orodha ya masahihisho ya kujiendesha na kukifuta kipengele hicho mara moja, basi. Halafu kuna mistari myekundu. Word iliyowekwa Kiingereza hupiga mstari chini ya Mchikichini, Msimbazi, Ilala na karibu kila neno la Kiswahili, hivyo mchapaji huyaongeza moja moja kwenye kamusi yake hadi kosa la kweli lianze kuonekana katikati ya maneno yaliyo sahihi. Maneno hayo hukaa kwenye faili dogo liitwalo CUSTOM.DIC. Masahihisho ya Kiingereza cha Marekani hukaa kwenye faili jingine lenye namba 1033 katika jina lake. Pambizo, aina ya herufi na ukubwa wa karatasi hukaa kwenye kiolezo cha Normal. Mafaili hayo matatu kwa pamoja huweza kubeba kazi ya miaka, na hutosha kwenye flashi ndogo kuliko zote. Hata hivyo Office 2007 iliipeleka kamusi ya mtumiaji kwenye folda mpya, kutoka Proof hadi UProof, na kiolezo kikabadilishwa kutoka Normal.dot kuwa Normal.dotm. Fundi aliyekwisha kukariri njia ya zamani alifika akakuta patupu.

Yupo atakayesema kwamba hayo ni usumbufu mdogo, wa kurekebishwa kwa nusu saa. Tarehe zinamjibu. Windows ikisakinishwa bila mtu kugusa sehemu ya nchi, mara nyingi huamka na Kiingereza cha Marekani, na Marekani huandika mwezi kabla ya siku. Chukua daftari la mauzo la duka la vitenge lililoko kwenye Excel. Mwenye duka, kama Watanzania wote, huandika siku kwanza, na 9/12 kwake ni tarehe tisa Desemba, siku ya Uhuru. Baada ya Windows kupigwa upya, Excel huipokea 9/12 ikaihifadhi kama tarehe 12 Septemba, bila onyo lolote. Akiandika 25/12, programu haioni mwezi wa 25, hivyo huliacha ingizo hilo kama maandishi ya kawaida yasiyopangika pamoja na tarehe nyingine. Matokeo yake, katika kila mwezi siku 12 za mwanzo huingia kwa hesabu ya Marekani na zinazobaki haziingii katika hesabu ya tarehe kabisa. Hata mpangilio ukirekebishwa wiki mbili baadaye, tarehe zilizokwisha kuhifadhiwa vibaya hazijirudi. Deni la Desemba limekwishahamia Septemba. Hapo mpangilio uliopotea umeharibu kumbukumbu yenyewe ya biashara, na kumbukumbu ya biashara ndiyo inayotatua ugomvi kati ya muuzaji na mteja wake.

Hapo pia ndipo ilipo siri ya mgawanyo usio sawa. Programu ikirudi katika hali ya kiwandani, hurudi katika mazoea ya wale walioitengeneza. Mchapaji wa Chicago akipiga Windows upya hupata lugha yake, tarehe yake, fedha yake na karatasi yake ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Hana cha kurekebisha, kwa sababu kiwandani ni kwao. Mchapaji wa Mchikichini hutumia A4, yenye milimita 210 kwa 297. Akisahau kubadilisha, mistari huhama, sahihi ya mwenye nyumba huangukia ukurasa wa pili, na printa nyingine husimama ikidai karatasi isiyouzwa Kariakoo nzima. Kwa huyu wa kwanza mipangilio ni mapambo. Kwa wa pili ndiyo iliyoifanya kompyuta ya kigeni ifanye kazi ya hapa. Mabadiliko yaleyale ya toleo, yakifuta mipangilio ya wote wawili, yamemgharimu mmoja sana na mwenzake karibu hakuna.

Juhudi za kuipa kompyuta lugha ya Kiswahili zinathibitisha jambo hilohilo. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza kazi ya kuziweka Windows na Office katika Kiswahili. Hatua hizo zilikuwa kubwa na zinastahili kukumbukwa kwa heshima. Hata hivyo Kiswahili cha Microsoft kilikuja kama pakiti ya kuvalishwa juu ya Windows ya Kiingereza, iliyotengenezwa kwa toleo moja tu. Pakiti ya XP haikufaa kwenye Windows Vista iliyoifuata, na Windows ikipigwa upya kwa CD ya kawaida lugha iliondoka pamoja na C. Ndani ya Windows yenyewe, kwa miaka mingi Kiswahili kiliorodheshwa kama Kiswahili cha Kenya, kwa namba 1089. Mtanzania aliyekichagua ilimlazimu kubadilisha mwenyewe alama ya shilingi, na mabadiliko hayo nayo yakawa mpangilio mwingine wa kupotea. Aliyetoka Jambo OpenOffice kwenda OpenOffice.org 2.0, iliyotolewa Oktoba 2005, alikuwa na nafuu ya aina yake, kwani toleo hilo lilipofunguliwa mara ya kwanza lilimuuliza kama anataka taarifa zake binafsi zihamishwe kutoka toleo la zamani. Swali fupi la namna hiyo lilitambua kwamba kuna mtu aliyekuwa akifanya kazi kabla ya toleo jipya kufika.

Hatua iliyoumiza wengi ilikuwa kuihama XP. Windows 7 ilipotolewa tarehe 22 Oktoba 2009, haikuruhusu kupandishwa moja kwa moja juu ya XP. Ilibidi isakinishwe upya, kisha programu zote zirudishwe moja baada ya nyingine. Microsoft ilitoa chombo cha kuhamishia mafaili na mipangilio, Windows Easy Transfer, na aliyekijua alinusurika. Wengi hawakukijua, na wengine waliahirisha hadi msaada wa XP ulipokoma tarehe 8 Aprili 2014, wakahama kwa haraka. Windows 10 ilipofika Julai 2015, chombo hicho kiliondolewa. Kwa upande mwingine, tangu Vista kumekuwa na msaada mmoja usiojulikana vya kutosha: Windows ikisakinishwa juu ya nyingine bila kufomati, ile ya zamani huwekwa kwenye folda ya Windows.old pamoja na folda za watumiaji. Katika matoleo ya karibuni inapopandishwa toleo, folda hiyo hukaa siku 10 tu kisha hufutwa. Njia ya kurudia ipo, ila ina saa yake, na mtu asiyeambiwa huipita bila kuiona.

Oktoba 2018 ilionyesha kwamba hata wenye mfumo wanaweza kusahau mazoea ya watumiaji wao. Sasisho kubwa la Windows 10 lilitolewa tarehe 2 mwezi huo, na baada ya siku nne likasimamishwa kwa sababu baadhi ya watu walikuta nyaraka zao zimetoweka. Microsoft ilieleza chanzo. Walioathirika walikuwa wameelekeza folda kama ya Documents mahali pengine, kwa mfano diski ya pili, huku baadhi ya mafaili yakibaki kwenye folda ya awali. Sasisho liliichukulia folda ya awali kuwa nakala isiyohitajika, likaifuta na vilivyomo. Kampuni ilisema ripoti hizo zilikuwa asilimia 0.01 tu, na sasisho likarudi Novemba likiwa limerekebishwa. Lakini tazama ni nani aliyekuwa hatarini: ni yule aliyejihami kwa kuhamishia kazi zake D. Mtengenezaji alibashiri kwamba watu hukaa pale alipowaweka yeye, na mahali ambapo D imekuwa kinga ya watu wadogo, ubashiri huo una gharama.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ya kwanza ni nzito. Wanasema mipangilio ya zamani ndiyo inayoharibu programu mpya, na kwamba usafi wa kuanza upya ndio siri ya kompyuta nyepesi. Ushahidi wanao. Kirusi cha Concept cha mwaka 1995 na kile cha Melissa cha mwaka 1999 vilijificha ndani ya kiolezo cha Normal, yaani ndani ya faili lilelile la mtumiaji ninalolitetea. Aliyelinakili bila kulikagua alinakili na ugonjwa. Vilevile kivinjari cha Firefox, toleo la 67 la Mei 2019, ilianza kuipa kila nakala iliyosakinishwa wasifu wake na kuzuia toleo la zamani lisifungue wasifu uliokwisha kutumiwa na toleo jipya, kwa sababu kuchanganya matoleo kuliharibu taarifa. Lakini yote hayo yanadai ukaguzi na tahadhari, hayadai ufutaji. Firefox hiyohiyo, mtumiaji akiiagiza ijisafishe, huweka wasifu wake wa zamani kwenye folda juu ya dawati, na alamisho na manenosiri huvushwa. LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, ilianzisha folda ya mipangilio yenye namba 4 katika toleo la 4.0 la Februari 2013, ikaendelea kuitumia folda hiyo katika matoleo ya 5, 6, 7 na hata namba zilipobadilika kuwa 24.2 mwaka 2024. Kwa zaidi ya miaka kumi programu imebadilishwa mara nyingi, na kamusi ya mtumiaji ikabaki mahali pake. Kwa hiyo usafi na uhifadhi huweza kwenda pamoja, mradi watengenezaji wakubali kuifanya kazi hiyo.

Hoja ya pili ni ya kisasa: mipangilio sasa hukaa kwenye akaunti ya mtandaoni, mtu huingia tu na kila kitu kikarudi. Kwa mwenye kompyuta yake, bando la kutosha na nenosiri analolikumbuka, hilo ni kweli kwa kiasi. Steshenari haiko hivyo. Kompyuta moja hutumiwa na wachapaji wawili watatu wa zamu, mara nyingi chini ya jina moja, na akaunti ikifunguliwa kwa simu ya kijana aliyekwisha kuacha kazi, mipangilio ya duka imeondoka naye. Isitoshe, akaunti hurudisha vile tu ambavyo kampuni imeamua kuvibeba. Printa ya zamani iliyowekewa vipimo vya kadi za harusi haimo, wala programu ya hesabu iliyonunuliwa kwa fundi wa mtaani. Akaunti ni msaada wa nyongeza, na wajibu wa kutunza kilichomo ndani ya mashine unabaki palepale.

Hoja ya tatu husema mtumiaji azoee hali ya kiwandani ili asipoteze kitu. Hoja hiyo ingekuwa na haki kama kiwanda kingekuwa cha wote. Tumekwisha kuona kwamba hali ya kiwandani ina lugha, ina kalenda na ina karatasi ya watu fulani. Kumwambia mchapaji wa Kiswahili aizoee ni kumtaka aandike mkataba wa Mchikichini kwa vipimo vya nchi nyingine, kisha abebe yeye lawama ya makosa.

Mambo haya hayajaisha. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina, hivyo wimbi jingine la kuhama limekwisha kuanza. Kwa mafundi wa Kariakoo, ombi ni kwamba swali la C na D liongezwe la pili: kabla ya kufomati, folda ya mipangilio ya mteja, ambayo sasa huitwa AppData, inakiliwe na kukaguliwa virusi, na orodha ya lugha, nchi, karatasi na printa iandikwe kwenye daftari. Kazi hiyo huchukua dakika chache na ilipwe kama sehemu ya huduma. Kwa vijana wa Tanzania wanaotengeneza programu za maduka, zahanati na shule, mipangilio ya mtumiaji itengwe na programu, iwekwe kwenye faili lenye namba ya toleo, na toleo jipya lisiandike juu yake bila kuuliza. Mfumo wa Debian hufanya hivyo miaka mingi: ukikuta faili la mipangilio limebadilishwa na mwenyewe, humuuliza abaki na lake au achukue jipya. Hakuna sababu ya programu iliyoandikwa Dar es Salaam kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam kushindwa kuuliza swali hilo kwa Kiswahili. Programu isiyouliza haijakamilika, hata ikiwa na sura mpya kiasi gani, na mwenye duka ana haki ya kuikataa.